Gurudumu likiganda, difu hufanya nini? Historia fupi ya magari ya fowili

Haya wasomaji, leo tunaiacha meza ya tarakilishi kidogo tuingie chini ya gari. Msiogope, msimbo tutaukuta huko mbele, kwa maana hadithi hii imeanzia kwenye gia na imeishia kwenye programu.

Swali lenyewe ni hili. Unaendesha gari la fowili, yaani lile ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne. Uko kilomita 80 kwa saa. Ng'ombe anakatiza barabara, unakanyaga breki hadi mwisho, na magurudumu ya mbele yanaganda. Kuganda maana yake hayazunguki tena, yanaserereka tu juu ya lami huku gari likiendelea kwenda. Je, magurudumu ya nyuma yatafanya nini? Na difu ya katikati, ile inayounganisha mbele na nyuma, itapatwa na nini?

Jibu linategemea gari lako liliundwa enzi gani. Ukiulizia gari la 1950 utapata jibu moja, la 1966 jingine, la 1980 jingine, na la leo jingine kabisa. Ukiyafuata majibu hayo kwa mpangilio wa miaka, utaona jambo moja likijirudia: difu haina akili. Inajua hesabu moja tu. Kila kizazi cha wahandisi kimekuwa kikitafuta nani wa kuiambia ishike lini na iachie lini. Kwanza alikuwa dereva, halafu yakawa mafuta na vyuma, na sasa ni programu.

Hesabu yenyewe

Difu ni ya zamani kuliko injini ya petroli. Fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, aliisajili mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Tatizo alilotaka kutatua ni la kona. Gari likipiga kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Tuseme magurudumu mawili yameachana mita 1.5. Gari likizunguka duara moja kamili, la nje litatembea kama mita 9.4 zaidi ya la ndani, duara liwe dogo au kubwa. Ukiyafunga mawili hayo kwenye chuma kimoja, lazima moja lichubue barabara.

Difu hutatua hilo kwa kanuni ambayo mtu wa programu angeiandika kwa mstari mmoja:

kasha = (kushoto + kulia) / 2

Kasha ni lile umbo la nje la difu linalozungushwa na propela. Kasi yake siku zote ni wastani wa kasi za pande mbili. Upande mmoja ukipunguza, wa pili unaongeza, na wastani unabaki palepale. Kuna na kanuni ya pili: katika difu ya kawaida, nguvu ya kuzungusha inayofika kila upande ni sawa. Hii ndiyo inayowatesa watu kwenye matope. Gurudumu moja likikosa pa kushika, halihitaji nguvu nyingi kuzunguka bure, na mwenzake aliye pakavu hupewa kiasi hicho hicho kidogo.

Sasa gari la fowili la kisasa lina difu ya mbele, difu ya nyuma, na mara nyingi difu ya tatu katikati, inayogawa mwendo kati ya mbele na nyuma. Rudi kwa yule ng'ombe. Kabla ya breki, mbele 80, nyuma 80, kasha la kati 80. Magurudumu ya mbele yakiganda huku ya nyuma bado yanazunguka, hesabu inakuwa 0 na 80, wastani 40. Kasha linashuka hadi nusu kwa kufumba na kufumbua, na injini, kama hujakanyaga klachi, inaburutwa chini pamoja nalo. Zile gia ndogo za ndani ya difu, ambazo kazi yake ya kila siku ni kujizungusha kidogo tu kwenye kona, zinaanza kuzunguka kwa kasi ambayo hazikuizoea.

Kwa sekunde mbili tatu hakuna kinachoharibika. Lakini angalieni jambo hili: kwa difu, gurudumu lililoganda kwa breki na gurudumu linalozunguka bure kwenye matope ni kitu kimoja, ni tofauti ya kasi tu. Moja unataka difu ishike, jingine unataka iachie. Difu yenyewe haiwezi kuzitenganisha hali hizo.

Enzi ya kufunga kila kitu

Wa kwanza kulijibu swali hili walilikwepa. Landrova ilipotoka mwaka 1948 haikuwa na difu ya kati. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na kifaa kwenye upande wa mbele kilichoruhusu magurudumu ya mbele kutangulia yakitaka. Kuanzia mwaka 1950 mfumo ukabadilishwa: dereva mwenyewe akawa anachagua kuvuta kwa nyuma peke yake au kwa yote manne. Akichagua yote manne, propela ya mbele na ya nyuma zinakuwa kama chuma kimoja.

Hapo hesabu ya wastani haipo tena. Kasi ya mbele ni kasi ya nyuma, basi. Breki zikigandisha ekseli ya mbele, ya nyuma nayo inaganda, itake isitake, kwa kuwa propela zimeshikana.

Hilo ni baya kiasi gani? Wahandisi wa breki hupanga gari lolote kwa utaratibu kwamba magurudumu ya mbele yagande kabla ya ya nyuma. Ya mbele yakiganda gari halisikii usukani, lakini linakwenda moja kwa moja. Ya nyuma yakiganda kwanza, mkia unataka kutangulia na gari linageuka nyuma mbele. Ukifunga mbele na nyuma pamoja, utaratibu huo umeufuta. Kwenye shamba, kwa kilomita 15 kwa saa, hakuna neno. Kwenye lami iliyolowa, kwa kilomita 80, ni hatari.

Kwa hiyo kwa miaka mingi fowili ilikuwa mali ya jeshi, mkulima na askari wa wanyamapori, na dereva ndiye aliyekuwa akili ya mtambo. Alifika lami, akatoa. Akisahau, matairi na gia zililipa.

Mtu wa trekta anaingia

Jina Ferguson halihitaji kutambulishwa kwa mkulima wa Njoro au Kitale, maana trekta za Massey Ferguson zimelima huko tangu enzi za babu. Wachache wanajua kwamba Harry Ferguson, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884, alitumia miaka yake ya mwisho akihangaikia gari dogo la barabarani lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alishirikiana na madereva wa mashindano Freddie Dixon na Tony Rolt, pamoja na mhandisi Claude Hill. Ferguson hakuitaka fowili kwa ajili ya matope. Aliitaka kwa ajili ya usalama wa mtu wa kawaida barabarani.

Alifariki mwaka 1960, lakini kazi haikufa. Mwaka 1961 Stirling Moss aliendesha gari la Ferguson P99 kwenye mashindano ya Oulton Park, Uingereza, akashinda. Hadi leo hilo ndilo gari pekee la kuvuta kwa magurudumu manne kuwahi kushinda mbio za Formula One, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia.

Kisha mwaka 1966 likaja gari la Jensen FF, herufi hizo mbili zikiwa kifupi cha mfumo wa Ferguson. Lilikuwa gari la kifahari lenye injini kubwa ya Chrysler, na difu yake ya kati iligawa nguvu asilimia 37 mbele na 63 nyuma. Ndani ya difu hiyo kulikuwa na klachi zilizoruhusu tofauti ndogo tu, ile inayohitajika kwenye kona. Tofauti ikizidi hapo, zinashika. Kwa hiyo ekseli ya mbele haikuweza kuganda peke yake ikaiacha ya nyuma, wala ya nyuma haikuweza kuiacha ya mbele.

Mtauliza: si tumerudi kwenye tatizo la Landrova? Ndiyo, kasoro jambo moja. Kampuni ya Dunlop ilikuwa na kifaa kinachoitwa Maxaret, kilichobuniwa kwa ajili ya ndege. Ndege ikitua kwenye njia iliyolowa na magurudumu yakaganda, matairi hupasuka. Ndani ya Maxaret kuna gurudumu zito linalozunguka pamoja na gurudumu la ndege. La ndege likipunguza kasi kwa ghafla kupita kiasi, lile zito linaendelea kwa msukumo wake, linalipita mwenzake, na kule kupita ndiko kunakofungua vali na kulegeza breki. Hakuna umeme wa kufikiri, hakuna tarakilishi. Ni chuma kinachotambua kwamba gurudumu linaelekea kuganda.

Ndege ilihitaji Maxaret kwa kila gurudumu. Jensen FF ilihitaji moja tu, kwenye mtambo wa kupeleka mwendo. Kwa nini? Kwa sababu difu ya Ferguson ilikuwa imeshazifunga mbele na nyuma zisiachane, kwa hiyo kuganda kokote kungeonekana pale katikati. Kile kilichokuwa kasoro ya Landrova kikageuzwa kuwa faida. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika historia hii.

Soko halikusikia. Jensen FF lilikuwa ghali, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1971 yalikuwa yametengenezwa magari 320 tu.

Quattro, na ndoa yenye ugomvi

Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta breki za ABS za kielektroniki kwenye gari la S-Class. Machi 1980, kwenye maonyesho ya Geneva, Audi wakaonyesha Quattro. Vitu viwili vikubwa vya usalama vikawa vimezaliwa Ujerumani ndani ya miaka miwili. Tatizo ni kwamba havikupatana.

ABS hufanya kazi kwa kulinganisha. Kila gurudumu lina sensa. Tarakilishi inatazama kasi nne, inakadiria gari lenyewe linakwenda kasi gani, halafu inamtafuta aliyeachwa nyuma. Gurudumu moja likishuka ghafla wakati wenzake bado wanazunguka, tarakilishi inajua hilo linaganda, inalilegezea breki, linazunguka tena, inabana tena. Ni kitanzi cha programu kinachojirudia mara nyingi kwa sekunde.

Sasa fungeni difu. Magurudumu yote yanashuka pamoja kama kundi. Sensa nne zinaleta namba zinazofanana. Tarakilishi inaona gari linapunguza mwendo vizuri, kumbe yote manne yanaserereka. Na hata ikijua, ikilegeza breki ya gurudumu moja, gurudumu hilo bado limefungwa kwa wenzake ambao wamebanwa.

Kwenye Quattro za mwanzo, difu ya kati na ya nyuma zilikuwa wazi, na dereva alizifunga mwenyewe kwa swichi akiwa ndani. Audi walipoongeza ABS, suluhisho lao lilikuwa la wazi na la kunyoosha mikono: ukifunga difu, ABS inazimwa. Chagua moja, kuvuta au kusimama.

Baadaye, nusu ya pili ya miaka ya 1980, Audi walihamia difu ya Torsen, iliyosajiliwa na Mmarekani Vernon Gleasman mwaka 1958. Ndani yake kuna gia za mtindo wa skrubu zinazokaziana kutokana na nguvu inayopita, bila kusubiri gurudumu lianze kuteleza. Hushika upande dhaifu ukilegea, lakini haifungi kabisa kama chuma kimoja, kwa hiyo ABS hupata nafasi ya kupumua. Ile swichi ya difu ya kati ikaondoka. Ya difu ya nyuma ikabaki kwa muda, nayo bado ilizima ABS.

Kwetu Kenya, Quattro ilikuja kupitia Safari Rally, na haikupokelewa kwa vigelegele vya haraka. Wakati Ulaya fowili ilikuwa imeshateka mashindano, huku Toyota Celica ya kuvuta kwa nyuma tu ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, mara tatu mfululizo. Naona ina mantiki: difu tatu ni vitu vitatu vya kuvunjika, na Safari ya miaka ile ilikuwa ni kuvumilia kuliko kukimbia. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda na Audi 200 Quattro, ushindi wa kwanza wa jumla wa gari la fowili kwenye Safari. Tangu hapo mlango ulifungwa kwa wengine. Hata Mkenya Ian Duncan aliposhinda mwaka 1994, Celica yake ilikuwa ya magurudumu manne.

Mafuta mazito, na kifaa cha kuachia

Njia nyingine ilikuwa kuiacha kazi hiyo mikononi mwa mafuta. Watu wa Ferguson, chini ya Tony Rolt, walikuza kapulingi ya mnato: kopo lililofungwa, ndani yake sahani nyingi nyembamba zilizopishana, nusu zimeshikamana na mbele na nusu na nyuma, zote zikiogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Kasi zikilingana, hakuna kitu. Tofauti ikitokea, sahani zinakata mafuta, mafuta yanapinga na kupata joto, na pande mbili zinavutana. AMC Eagle ya Marekani ilitoka nayo mwaka 1979. Wenye Subaru za giaboksi ya mkono wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: difu ya kati ya nyingi kati ya hizo ina kapulingi hii pembeni.

Mafuta yana sifa moja nzuri kwenye breki: ni mazito wa kukasirika. Tofauti ya robo sekunde wakati ABS inacheza haiyasumbui sana. Lakini tofauti ikidumu, yanashika, na yakishika mbele inaanza kuivuta nyuma.

Volkswagen hawakutaka hata hilo. Golf Syncro ya mwaka 1986 ilipeleka mwendo nyuma kupitia kapulingi ya mnato, na kwenye difu ya nyuma wakaweka kifaa cha kuachia, cha aina ile ya baiskeli: ukikanyaga pedali inashika, ukiacha gurudumu linakwenda lenyewe. Magurudumu ya mbele yakiganda, ya nyuma hayana habari, yanazunguka kivyake na ABS inafanya kazi yake. Lakini baiskeli haivuti kinyumenyume, na gari lazima lirudi nyuma. Ikabidi waongeze kifaa kingine cha kukifunga hicho cha kuachia unapoweka rivasi. Anayeandika programu anaujua mtindo huu: unarekebisha kosa moja, marekebisho yanazaa kosa la pili, unarekebisha na hilo.

Programu inachukua usukani

Mercedes-Benz ndio waliouliza swali kwa namna ya watu wa tarakilishi. Mfumo wao wa 4Matic, ulioonyeshwa mwaka 1985, uliacha umeme uamue. Kwenye barabara nzuri, gari lilivuta kwa nyuma tu. Magurudumu yakianza kuteleza, lilipanda ngazi: kwanza likashirikisha mbele, halafu likafunga difu ya kati, halafu ya nyuma. Na kulikuwa na amri moja iliyopita zote: kama breki imekanyagwa, achia vyote. Kwa mara ya kwanza mtambo wenyewe uliweza kutofautisha matope na breki, kwa sababu mtu alikuwa ameuunganisha na swichi ya pedali ya breki. Difu ilikuwa haijapata akili, ila ilikuwa imepata wa kuiambia.

Mwaka 1998 kampuni ya Haldex ya Uswidi ikaleta klachi ya sahani nyingi inayobanwa kwa mafuta na kuongozwa na tarakilishi, kwenye Audi TT na Volkswagen Golf. Ina uwezo wa kushika haraka na kuachia haraka, na ABS ikianza kazi inaletewa ujumbe iachie. Sehemu kubwa ya magari madogo ya fowili yanayouzwa leo yanafuata wazo hilo.

Kwenye mashindano swali lilikuwa limegeuzwa. Dereva wa rally huvuta breki ya mkono makusudi ili magurudumu ya nyuma yagande na mkia uzunguke kwenye kona kali. Difu ya kati ikiwa imeshika, breki hiyo inajaribu kuyasimamisha yote manne pamoja na injini. Kwa hiyo Mitsubishi Lancer Evolution VII ya mwaka 2001 ilikuwa na difu ya kati inayoongozwa na tarakilishi, na ukivuta breki ya mkono, inaachia. Subaru Impreza STI zenye difu ya kati ya umeme hufanya vivyo hivyo. Magari ya daraja la Rally1, yaliyoanza mwaka 2022 na ambayo yamepita mbele yetu Naivasha, hayana difu ya kati kabisa, mbele na nyuma zimefungwa kama Landrova ya babu. Dereva akivuta breki ya mkono, mwendo wa nyuma unakatwa kwa muda ule. Duara limekamilika, ila sasa lina mlango wa kutokea.

Halafu kukatokea mageuzi ambayo yangemfurahisha Ferguson. Mercedes-Benz M-Class ya mwaka 1997 ilikuja na difu tatu zote wazi, hakuna hata moja ya kufungwa. Gurudumu moja likizunguka bure kwenye matope, tarakilishi ya ABS inalibana hilo moja kwa breki. Kumbukeni kanuni ya pili: nguvu ya pande mbili ni sawa. Ukilibana la bure kwa breki, umelifanya lidai nguvu, na mwenzake wa pakavu anapata kiasi hicho hicho. Kule kuganda kulikokuwa adui wa difu kwa miaka 50, kumegeuzwa kuwa kufuli lake.

Na yale magari yenye mota moja mbele na nyingine nyuma, kama Toyota Estima ya haidridi ya mwaka 2001, hayana propela ya kuunganisha pande hizo. Mbele ikiganda, nyuma haijui lolote mpaka programu iiambie. Difu ya kati imekuwa msimbo mtupu.

Yanayotuhusu sisi hapa

Historia hii yote bado inatembea barabarani kwetu kwa wakati mmoja. Landrova ya zamani, Subaru ya mtumba na gari jipya la mwaka huu ziko kwenye foleni moja, na kila moja ina jibu lake. Kutolijua kunaweza kugharimu, kwa pesa au kwa maisha. Mambo mawili, basi.

La kwanza ni jeki. Landrova Defender za muundo wa zamani, na Range Rover za mwanzo za kuanzia 1970, hazina breki ya mkono kwenye magurudumu. Breki hiyo hushika propela ya nyuma. Piga hesabu: propela imesimama, kwa hiyo kasha la difu ya nyuma ni 0. Wastani wa 0 unaweza kutokana na magurudumu mawili yaliyotulia, au moja linalokwenda mbele na jingine nyuma kwa kasi ile ile. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hilo la hewani liko huru kuzunguka kinyume, na la chini liko huru kubingirika. Breki ya mkono umeivuta kabisa, na gari bado linaondoka kwenye jeki, na wewe uko chini yake. Kwa hiyo kabla ya kuinua, funga difu ya kati na uhakikishe taa yake imewaka, ili breki ile ishike na propela ya mbele pia. Kisha weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

La pili ni bredauni. Gari la fowili limeharibika, inakuja bredauni ya kuinua mbele na kuacha nyuma ikiburutwa. Mbele 0, nyuma 50. Hiyo ndiyo hali yetu ya kuganda, ila sasa si ya sekunde mbili, ni ya kutoka Athi River hadi Industrial Area. Kama ni Subaru ya giaboksi ya mkono, zile gia ndogo za difu ya kati zinazunguka safari nzima na mafuta ya kapulingi yanachemka safari nzima. Kama ni ya otomatiki, klachi ya kupeleka mwendo nyuma inasagika bila mafuta ya kutosha, kwa kuwa pampu ya mafuta huzungushwa na injini na injini imezimwa. Gari lililokuwa na ugonjwa wa betri linafika gereji na ugonjwa wa giaboksi. Dai bredauni ya kubeba gari zima mgongoni. Ni ghali zaidi siku hiyo, lakini ni rahisi kuliko giaboksi.

Fungueni kitabu cha gari lenu, hata kama ni PDF mliyoivuta mtandaoni kwa kuwa kile cha mtumba kilikuja kwa Kijapani. Tafuteni ukurasa wa kuvutwa na ukurasa wa jeki. Mkishajua difu yenu ya kati ni ya aina gani, au kama haipo kabisa, mtaielewa kila sentensi humo kwa ile hesabu moja ya wastani.

Kwa leo nakomea hapo. Mwenye Landrova, nenda ukajaribu ile taa ya difu kama bado inawaka.